Upande wa Nyuma wa Fomu

Ile fomu niliitunga mimi, na niseme hivyo mapema kabla sijaanza kutafuta wa kumsingizia. Nimefundisha shule miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na hata baada ya kustaafu watu wa kanisani hawajaacha kuniita Mwalimu Mkuu. Nikiona karatasi tupu mkono unaniwasha, lazima niipige mistari. Kwa hiyo kamati ya umisheni ilipoamua kwamba tuanze kupanda makanisa katika miji mingine, na kwamba kila tutakayemtuma alete taarifa ya mwezi, wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja. Mbele niliweka jedwali: waliohudhuria, waliookoka, waliobatizwa, vikundi vya nyumbani. Nyuma niliweka kichwa kimoja, "Hali ya mtumishi na familia yake", na mistari minane ya kujaza. Sehemu hiyo niliiongeza kwa sababu mgeni mmoja aliyetuendeshea semina aliisisitiza sana, nami sikutaka aonekane ana jambo ambalo mimi sikulifikiria.

Mtu wa kumtuma tulimpata kwa mtihani. Nao niliutunga mimi. Mahubiri alama arobaini, Maandiko thelathini, uongozi ishirini, familia kumi. Walioomba walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, mwenye kibanda chake karibu na geti la kanisa. Tulimpa sura moja ya Maandiko asome mbele yetu. Akaisoma akifuata kwa kidole, neno moja moja, na pale alipokosea alirudi nyuma akaanza upya. Mimi nilikuwa natazama saa. Tulipomuuliza amefanya nini katika kazi ya Mungu, alisema huwa anatembelea watu. Nikamuuliza, "Halafu?" Akasema, "Halafu nakaa nao." Pembeni mwa jina lake nikaandika: hana maono. Alipata arobaini na nane.

Wa pili alikuwa kijana fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kanisa zima lilimwita Baragumu kwa sababu ya sauti yake. Akiomba, hata waliosinzia huamka na kudai walikuwa wamefumba macho tu. Alituhubiria dakika kumi na tano, na mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa babake, akatoa leso. Nilimpa tisini na moja. Kwenye familia alipata kumi kwa kumi. Nyumbani kwake sikuwahi kufika. Kumi hizo zilitokana na mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni, nguo imepigwa pasi, mikono mapajani, ametulia. Nilimuuliza swali moja tu: "Mama, unamuunga mkono mumeo katika wito huu?"

"Ndiyo," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi nilikuwa na swali, Mwalimu."

Nikamwambia maswali yatakuja mwishoni. Mwishoni tulikunywa chai tukapiga picha.

Tulipotoka nje, fundi cherehani alikuwa bado anangoja kwenye benchi. Alimpa Baragumu mkono, akampongeza kwa moyo mweupe, kisha akaniuliza kama yeye na mkewe wasingeweza kwenda nao, wasaidiane. Nikamjibu kwamba kamati haina nafasi ya wasindikizaji. Wajumbe wakacheka, nami nikaona nimesema jambo la maana.

Basi Baragumu akawekewa mikono, akaenda na mkewe na binti yao mdogo. Taarifa zikaanza kuja, kila mwezi bila kukosa. Nilichora grafu kubwa kwa kalamu nyekundu, nikaitundika ukutani kanisani, upande wa kushoto wa mimbari, mahali ambapo hata mwenye macho mabovu angeiona. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilisimama na kusoma idadi, nikauongeza mstari, na watu wakapiga makofi. Ule mstari ulipanda tu, haukuwahi kushuka hata mara moja. Nikirudi kukaa nilikuwa najisikia kama mzazi ambaye mwanawe ametajwa kwa kufaulu. Fomu nilizitoboa matundu mawili nikazipanga kwenye faili, mbele juu, nyuma chini.

Mwaka mmoja na miezi saba ukapita hivyo. Mwezi uliofuata taarifa haikuja. Tukapigiwa simu na mwenye jengo ambalo Baragumu alikuwa amelipanga kwa ibada: ukumbi una wiki tatu haujafunguliwa, na mpangaji hapokei simu.

Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa amefura. Alisema kijana ametuangusha, ametutia aibu, na tayari tulikuwa tumepanga kumpeleka mtu wa pili katika mji mwingine. Itabidi Jumapili litangazwe mbele ya kanisa kwamba huyu wa kwanza ameondolewa kwa kukosa uaminifu, ili atakayefuata ajue kazi hii si mchezo.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyempasisha," akaniambia. "Nenda ukachukue funguo na vyombo."

Sikubishana. Nilikuwa na hasira kuliko yeye. Nilibeba faili lote la taarifa, kwa sababu nilitaka kumsomea Baragumu takwimu zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, nione atajitetea vipi.

Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Ukumbi ulikuwa zamani duka la rangi. Ukutani bado kulikuwa na miraba ya rangi za kuonyesha wateja, safu kwa safu, na juu yake mtu alikuwa amebandika mstari wa Maandiko. Madirisha yalikuwa na mapazia yaliyoshonwa vizuri, pindo limenyooka kabisa. Mke wa Baragumu alikuwa peke yake, anafuta viti vya plastiki kwa kitambaa na kuvipanga kimoja juu ya kingine. Alikuwa amekonda. Kama ningekutana naye barabarani ningempita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa nne hii?"

"Saa nne hii. Siku hizi usingizi ukimjia hatumwamshi."

Nilivuta kiti nikakaa, nikafungua faili juu ya meza ya mahubiri kama niko ofisini kwangu. Nikaanza kumsomea yeye, kwa kuwa mumewe hayupo. Mwezi wa kwanza watu kumi na wawili. Mwezi wa nne ishirini na watano. Mwezi wa kumi na tisa, sitini na wawili.

"Sasa, mwanangu," nikasema, "mtu mwenye watu sitini na wawili anafungaje kanisa?"

Aliacha kufuta kiti. "Geuza."

"Nigeuze nini?"

"Karatasi, Mwalimu. Geuza karatasi."

Nikageuza. Mistari minane yote ilikuwa imejazwa, kwa mwandiko mdogo uliobanana. Nikageuza na nyingine, na nyingine. Nilikuwa na miwani shingoni, nikaivaa.

Mwezi wa pili: Tumepata nyumba. Mtoto ameanza shule. Bado hatujapata mtu wa kusali naye.

Mwezi wa tano: Tangu nifike sijasikia mahubiri ya mtu mwingine. Nahubiri nikiwa mkavu. Naomba ushauri.

Mwezi wa tisa: Mke wangu ameharibikiwa na mimba ya miezi mitano. Naomba mzee mmoja aje, hata kwa siku moja.

Niliirudisha ile karatasi mbele. Arobaini na mmoja. Niliikumbuka Jumapili hiyo vizuri sana. Tulikuwa tumevuka arobaini, nikafungua kalamu mpya, watu wakasimama kupiga makofi. Jioni yake nilimtumia Baragumu ujumbe wa simu, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo: Hongera, kaza mwendo, tunataka hamsini kabla ya mwaka kuisha. Yule mama alikuwa hata wiki mbili hazijaisha tangu atoke hospitali.

Mwezi wa kumi na nne mwandiko ulikuwa umebadilika, herufi zimelala. Idadi niliyoandika mbele si ya kweli. Tuko ishirini na wanane. Nimeandika hamsini na watatu kwa sababu mwezi uliopita niliandika hamsini, na nimeshindwa kuwaambia kwamba watu wanaondoka. Nimetenda dhambi. Naomba mniite nyumbani.

Hapa niseme kitu ambacho ningeweza kukificha. Nilipousoma ule mstari wa kwanza, nilifurahi. Nilijiambia, basi, amejikamata mwenyewe, nina ushahidi kwa maandishi yake. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika mwisho wa aya. Hata leo nikiikumbuka nasikia uso ukiniwaka.

Mwezi wa kumi na sita kulikuwa na mstari mmoja tu: Kuna anayesoma upande huu?

Iliyofuata haikuwa na kitu. Iliyofuata tena, hivyo hivyo. Ya kumi na tisa ilikuwa na nukta moja ya wino mwanzoni mwa mstari wa kwanza, pale kalamu ilipoguswa kwenye karatasi ikainuliwa.

"Tulidhani mmesoma mkanyamaza," yule mama alisema. Hakuwa na ukali, na laiti angekuwa nao. "Mume wangu alikuwa ananiambia wazee wana busara zao, huenda wanatufundisha kuvumilia. Mimi nikafikiri labda tumeomba vibaya. Ule mwezi wa mtoto aliandika kwanza kwenye daftari, akafuta, akaandika tena mara tatu, ili asionekane analalamika."

"Sikugeuza," nikasema.

"Mara ile?"

"Mara zote. Sikugeuza hata moja."

Alichukua kiti kingine akaanza kukifuta. Kilikuwa kimeshafutwa. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu, nikautazama ukuta na miraba yake ya rangi.

"Hakuna mtu aliyekuja?" niliuliza, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kujua.

"Alikuja fundi cherehani na mkewe. Mara mbili."

"Nani aliwatuma?"

"Hawakutumwa. Alipiga simu kunisalimia tu, akasikia sauti yangu. Kesho yake wakafika. Walikaa siku nne. Mkewe alinipikia na kunifulia. Yeye hakuhubiri, hakusema mengi, alikaa na mume wangu pale kwenye ngazi. Alipoona madirisha yako wazi akashona haya mapazia."

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka na Baragumu akatoka. Alikuwa na ndevu za siku nyingi na shati lililofungwa vifungo kombo. Aliponisalimu nililazimika kuinama mbele nimsikie. Sauti ile, ambayo tuliisifia mpaka tukampa alama thelathini na tisa kati ya arobaini, ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Nisamehe, Mwalimu. Zile idadi." Alivuta kiti akakaa. "Jumapili ya mwisho nilisimama nikafungua Biblia, nikawatazama watu kumi na saba, na sikuwa na neno hata moja. Nikawaambia waende nyumbani. Sikupanga."

Akaniwekea bahasha mezani, imefungwa, juu yake ameandika "Funguo".

"Nilijua mkija," alisema, "mtakuja kwa hizi."

Nilikuwa nimekuja kwa hizo. Ningeweza kumwambia kwamba sivyo, kwamba nimekuja kumjulia hali, naye kwa tabia yake angeniamini. Sikusema hivyo. Kisha nikamgeukia mkewe, nikiwa na miaka sitini na sita na nikiogopa jibu kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mama, siku ile ya usaili ulikuwa na swali. Lilikuwa nini?"

Hakuhitaji kufikiri. "Nilitaka kuuliza, huku tunakokwenda mume wangu ndiye atakuwa mchungaji wa watu. Sisi mchungaji wetu atakuwa nani?"

Nilimuuliza Baragumu kama ananiruhusu kulisomea kanisa aliyoyaandika. Alitikisa kichwa, akasema ya mkewe na mtoto ni yao. Halafu akalivuta faili, akapekua, akanionyesha karatasi ya mwezi wa kumi na sita. "Hii soma," akasema. Nikawaachia bahasha yao pale pale mezani.

Jumamosi nilipasua jipu kwenye kamati. Mwenyekiti aliposikia habari ya idadi za uongo akapiga meza.

"Hilo peke yake linatosha kumwondoa."

"Aliungama mwezi huo huo," nikasema, "kwa maandishi, na ni kwetu alikoungamia."

"Basi tuyamalize humu ndani, Mwalimu. Ukiyasema hadharani unatuvua nguo wote."

"Sitawataja nyinyi. Faili lilikaa kwangu."

"Na kijana tutasema nini juu yake?"

"Tutasema tulimtuma peke yake."

Mwisho mwenyekiti akasema nifanye ninavyoona, ila yeye hatakuwepo. Jumapili alikuwepo, kiti chake kile kile cha mbele, amekunja mikono.

Haikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, lakini niliposimama na faili watu walijua ni taarifa ya Baragumu, wakakaa vizuri. Wengine waligeuka kabisa kuitazama grafu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu ukurasa mzima, nilivyozoea, na nilipoutazama nikaona nimejitetea tangu mstari wa pili. Nikaukunja.

Niliinua fomu ya mwezi wa kumi na sita, mbele yake ikiwaelekea. Nikasema, huu ndio upande ambao nimekuwa nikiwasomea. Nikaigeuza. Nikasema kuna upande mwingine ambao mtumishi tuliyemtuma alikuwa akitujazia kila mwezi, na mwezi huu aliuliza hivi: Kuna anayesoma upande huu?

"Jibu ni hapana," nikasema. "Ulikuwa unaletwa kwangu, na mimi sikuugeuza hata mara moja. Walipita kwenye mambo mazito wakatuomba, na mimi nikawatumia pongezi. Zile idadi za karibuni mnazoziona pale ukutani si za kweli, na kosa lake tumeshalizungumza naye. Mimi ndiye niliyemfanya aogope kunipa namba ndogo. Ndugu zangu, mkinisamehe sawa, msiponisamehe nitaelewa."

Nikashuka. Na watu, kwa mazoea ya mwaka na miezi saba, waliponiona nimefunga faili, wakaanza kupiga makofi. Hawakuwa wengi, watano au sita, sehemu za nyuma. Mmoja akamgusa mwenzake, wakaacha. Nimezomewa na wanafunzi maishani mwangu, nimewahi hata kurushiwa chaki, lakini hakuna kilichoniumiza kama yale makofi.

Baada ya ibada nilibaki nikiibandua grafu. Niliibandua vibaya, ikachukua na rangi ya ukuta. Nyuma yangu nikasikia mtu amesimama anangoja, kama kawaida yake ya kungoja. Alikuwa fundi cherehani, kofia mkononi, na uzi mweupe umeng'ang'ania kwenye mkono wa shati.

Aliniambia yeye na mkewe wameshazungumza na mchungaji wa kanisa letu. Baragumu na familia yake watarudi nyumbani wapumzike miezi mitatu, na katika miezi hiyo yeye na mkewe watakwenda kukaa na wale watu kumi na saba. Cherehani yake inabebeka.

"Nilikupa arobaini na nane," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka anijibu vibaya.

"Nakumbuka." Alitabasamu kidogo, akaitazama ile karatasi iliyokunjamana mikononi mwangu. "Na huyo wa pili mnayemtuma, atatumia fomu hizi hizi?"

"Sijui. Pengine."

"Zikianza kuja, niwekee mimi, Mwalimu. Nitakuwa nakuja kuzichukua." Akavaa kofia yake. "Kusoma kwangu ni taratibu, unajua mwenyewe. Lakini nasoma."